Mwenye Kisu Kikali, Si Mwenye Kisu Kipya

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni, nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na hata hivyo siku iliponigeukia mimi mwenyewe sikuitambua. Ilinijia ndani ya kiboksi cheusi, imeviringishwa kwa karatasi laini, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa mkono: "Mjomba, hiki ndicho kisu. Vingine vyote ulivyowahi kushika vilikuwa vipande vya bati."

Mpwa wangu huyo yuko Marekani, na amepatwa na homa ambayo nimekuja kuelewa kwamba huwapata wanaume wengi wa huko na sasa imeanza kubisha hodi hata kwetu, homa ya kushangilia visu. Kinapotolewa kisu kipya cha kukunja, cha kutia mfukoni, wao hawaulizi kwanza kitakata nini. Huuliza ni chuma gani. Wakishatajiwa jina la chuma hutikisa vichwa kwa heshima, kama wazee waliotajiwa ukoo wa bibi harusi. Nami, mwalimu mstaafu wa hapa Bariadi, niliyelelewa katika nyumba yenye kisu kimoja tu kilichochomekwa kwenye nyasi za paa, niliambukizwa homa hiyo kwa muda wa wiki moja.

Sitaki kudanganya, ndugu msomaji. Kisu kile kilikuwa kizuri. Bapa lake halikuzidi urefu wa kidole cha kati. Kilifunguka kwa kusukumwa na kidole gumba, kikajifunga kwa komeo dogo lisilolegea, na mpini wake ulikaa kiganjani kana kwamba ulipimwa kwangu. Siku chache baada ya kukipokea tulikuwa msibani, fahali akachinjwa, nami nikajitolea kuchuna. Nilichuna ubavu mzima, nikatenganisha viungo, nikakata kano, na kazi ilipokwisha kisu bado kilinyoa vinyweleo vya mkono wangu. Vijana walipanga foleni kukishika. Mzee mmoja alikigeuza mara mbili tatu, akanirudishia akisema, "Wabeja, baba. Lakini hiki si kisu, hiki ni dawa." Usiku ule nilikiweka chini ya mto kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

Kwa hiyo yeyote anayefikiri kwamba nitabeza elimu iliyomo katika vyuma hivi, na aondoe wazo hilo. Nimeisoma, tena kwa raha. Chuma kitupu ni laini. Kikiongezwa kaboni kidogo, kikachomwa hadi kuwa chekundu na kupozwa ghafla, kinakuwa kigumu na kuweza kushika makali. Hiyo ndiyo feleji, na ndiyo iliyotosha dunia kwa karne nyingi. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Harry Brearley aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki alipata chuma chenye kromiamu kisichoshika kutu kwa urahisi, na visu vya mezani vikabadilika tangu hapo. Siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Chuma huyeyushwa, hupulizwa kwa gesi ya nguvu hadi kitawanyike kuwa unga, kisha unga huo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka uwe kipande kimoja. Faida yake ni kwamba zile chembe ngumu ziitwazo kabidi, ambazo ndizo zinazolinda makali yasilike, zinakuwa ndogo mno na zinatawanyika sawasawa.

Chuma kilichowatia wazimu wapenzi wa visu katika miaka hii kinaitwa MagnaCut. Kilitolewa mwaka 2021, na aliyekibuni ni Larrin Thomas, mtaalamu wa madini wa Marekani. Kina kaboni asilimia 1.15, kromiamu asilimia 10.7, vanadiamu asilimia 4 na niobiamu asilimia 2, pamoja na vitu vingine vichache. Werevu wake uko katika hesabu. Katika vyuma vingi visivyoshika kutu, sehemu ya kromiamu humezwa na kabidi, ikaacha kazi ya kuzuia kutu. Thomas alipanga vipimo vyake ili kabidi zitokane na vanadiamu na niobiamu, na kromiamu ibaki huru kulinda chuma. Hii ni kazi ya akili kubwa, na mtu anayeishangilia hana kosa. Kosa linaanza pale shangwe inapochukua nafasi ya swali.

Swali lenyewe nililetewa na miezi sita ya matumizi. Kisu changu, ambacho nacho kilikuwa cha mojawapo ya vyuma hivi vya unga, kilikuwa kimekata kamba za katani, magamba ya mihogo, maganda ya miwa, mipira ya baiskeli na kwato za mbuzi. Kikaanza kusita. Hilo halikunishtua, maana hakuna kisu kisichobutuka. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye jiwe la marehemu mama yangu, lile tulilonolea visu, mashoka na mapanga ya ukoo mzima tangu kabla sijazaliwa. Katikati limelika likabonyea kama tandiko la farasi. Nikalimwagia maji, nikaanza kunoa.

Nilinoa jioni nzima. Jiwe lilitoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, kama kioo kinachokwaruzwa. Bapa likang'aa ubavuni, lakini makali hayakurudi. Kesho yake nilikipeleka mjini kwa kijana anayenoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Alikanyaga pedali, cheche zikaruka, na baada ya dakika chache nikaona ncha ikigeuka rangi, ya manjano kisha ya buluu. Nilimzuia nikiwa nimechelewa. Rangi ile maana yake ni kwamba joto limeingia ndani ya chuma, na pale lilipoingia ugumu umepungua. Simlaumu kijana yule, kwa maana alifanya kazi aliyoijua kwa zana aliyokuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikiwa na kisu kizuri mfukoni, kinachong'aa, kisichokata.

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu, na nalikiri mbele yako. Niliendelea kukibeba. Kisu cha zamani nilichokuwa nikitembea nacho malishoni nilikuwa nimempa kijana mmoja, kwa sababu mtu mwenye kisu cha dola zaidi ya mia mbili, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi zetu, hatembei na visu viwili. Alasiri moja ya kiangazi mtamba wangu mmoja alitumbukia korongoni akavunjika vibaya. Alikuwa anakata roho. Nilimwita jirani yangu Mwislamu, ambaye watu wa kwetu humwita kuchinja ili nyama iweze kuliwa na wote. Alikuja mbio. Nikafungua kisu changu kwa kidole gumba kwa mbwembwe zile zile, nikampa. Akapitisha makali juu ya ukucha wake mara moja, akayapitisha tena, kisha akanirudishia. "Mwalimu," alisema kwa upole, "udogo wake ningeustahimili. Lakini hiki hakichinji. Hiki kitamtesa mnyama." Tulimtuma mtoto nyumbani akimbie kuleta kisu cha jikoni. Mtoto alikimbia kweli, na alipofika nacho, mtamba alikuwa tayari kibudu. Tulichimba shimo tukamfukia. Bei ya kisu na bei ya mtamba zilikuwa karibu sawa, na siku ile nilikuwa nimevikosa vyote viwili.

Tangu hapo nimekuwa na ugomvi, na insha hii ndiyo ugomvi wenyewe. Nagombana na watu wanaopima kisu kwa jina la chuma chake. Nagombana na wale wanaosema kwa majivuno kwamba kisu fulani kinakaa mwaka mzima bila kunolewa, kana kwamba kutonolewa ni sifa. Kisu kinachokaa mwaka bila kunolewa ni kizuri kwa mwaka huo. Nami nauliza habari za mwaka wa pili. Nani atayarudisha makali, kwa jiwe gani, na jiwe hilo linauzwa duka gani kati ya Bariadi na Maswa?

Maelezo ya jambo hili ni mepesi, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuyafahamu. Kunoa ni kusaga, na kitu hakisagwi na kilicho laini kuliko chenyewe. Mawe ya kwetu Usukumani, yale makubwa yaliyobebana vilimani, ni graniti. Kinachonoa ndani ya graniti ni kwatzi, na kwatzi ina uwezo mkubwa juu ya chuma cha kawaida. Lakini kabidi ya vanadiamu ina ugumu unaozidi mara mbili ule wa kwatzi. Hata mawe mengi ya kiwandani, yaliyotengenezwa kwa oksidi ya alumini, yako chini yake. Kwa hiyo jiwe la mama yangu lilikuwa likila chuma kinachozizunguka zile chembe, huku chembe zenyewe zikilicheka jiwe. Kilichowekwa ili kulinda makali yasiondoke ndicho kilichozuia makali yasirudi. Kinachoziweza chembe hizo vizuri ni almasi, na vitu vingine vichache vya viwandani vinavyoikaribia.

Almasi! Tafakari kidogo, msomaji wangu. Mwadui, pale John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, ipo Kishapu, wilaya inayopakana na mkoa wetu. Almasi imechimbwa jirani yetu kwa zaidi ya miaka 80, nami niliupoteza mtamba kwa kukosa kibati chenye unga wa almasi kisichozidi ukubwa wa kiganja. Najua kwamba almasi ya vibati hivyo siku hizi hutengenezwa viwandani wala haitoki Mwadui. Hilo haliipunguzii hoja yangu nguvu. Hatukosi vitu kwa sababu viko mbali tu. Mara nyingi tunavikosa kwa sababu hatukuviuliza, na hatukuviuliza kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye kile kinachong'aa.

Nataka sasa niwageukie wanaonipinga, maana wapo wa aina mbili na wote ni rafiki zangu.

Wa kwanza ni mpwa wangu mwenyewe. Nilipomsimulia alinijibu kwa simu, "Mjomba, kosa si la kisu. Ungeniambia ningekutumia kibati cha almasi." Ni kweli, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwuliza, "Mbona hukukituma pamoja na kisu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikufikiri." Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kijana mwenye akili, anayempenda mjomba wake, aliyeweza kunitajia asilimia za kila kitu kilichomo katika chuma kile, hakufikiri habari za kunoa, kwa sababu shangwe ya visu haikumfundisha kufikiri hilo. Ilimfundisha kusubiri kisu kinachofuata. Penye desturi ya kununua kisu kipya kila baada ya miezi michache, kunoa ni burudani ya wachache. Kwangu mimi kunoa ni nusu ya kisu.

Wapinzani wa pili wako karibu zaidi, nao wananitia shaka kuliko wa kwanza. Hawa husema, "Si tulikuambia? Achana na vya Wazungu. Mhunzi wetu anatutosha." Nampenda mhunzi wetu. Kisu kilichopo jikoni kwangu leo alikifua yeye kwa springi ya lori, ambayo aghalabu huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, na amekitia ugumu kwa kukitumbukiza katika mafuta machafu, kisha akakilegeza kidogo juu ya makaa mpaka kikapata rangi ya majani makavu. Kinashika kutu nikikisahau kwenye maji, na hubutuka haraka. Lakini hunoleka juu ya jiwe la mama kwa muda wa kuchemsha chai. Tena aliponiuzia aliniuzia pamoja na neno. Alisema, "Kikikusumbua kirudishe, mimi nipo." Sijawahi kuliona neno hilo limeandikwa kwenye kiboksi cheusi.

Hata hivyo nakataa kufanya neno hilo kuwa blanketi la kujifunika tulale. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha katika jarida la Science habari za wazee wa Kihaya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka kwetu, waliojenga tanuru la kuyeyushia chuma kwa kukumbuka yale waliyoyaona ujanani. Tanuru lilifanya kazi, na lilitoa feleji. Mabaki ya matanuri ya namna ile yaliyochimbuliwa Buhaya yalikadiriwa kuwa ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watu wetu huisimulia habari hii kwa kifua mbele, na wana haki. Lakini sikiliza vizuri neno moja katika habari hiyo, neno kukumbuka. Wazee walilazimika kukumbuka kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imekufa miongo mingi kabla. Majembe ya meli yalikuja, yakawa rahisi, matanuri yakapoa. Elimu ya miaka zaidi ya elfu moja ikabaki katika vichwa vya wazee wachache. Ujuzi nao hubutuka usiponolewa, na majivuno hayanoi kitu. Kwa hiyo anayeniambia tujitosheleze na ya jana, na anayeniambia tukimbilie ya kesho, wote wawili wananionyesha bapa bila kunionyesha jiwe.

Kama tunataka mfano wa watu waliofikiri habari za jiwe, upo, tena katika visu hivi hivi vya kukunja. Mwaka 1890, milimani Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha wakulima, bapa moja na mpini wa mti. Kinatengenezwa hadi leo, na mojawapo ya aina zake bado ni ya chuma cha kaboni kinachoshika kutu, kwa sababu wapo wanaokipenda kwa jinsi kinavyonoleka. Huko Uswisi Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi visu vya askari. Kampuni iliyotokana naye, Victorinox, hutumia chuma kisichoshika kutu lakini hukitia ugumu wa kiasi, takriban daraja 56 katika kipimo cha Rockwell, wakati visu vya vyuma vipya hupita 60. Washangiliaji hukicheka chuma hicho kwamba ni laini. Lakini askari aliye mbali na duka anaweza kukitia makali kwa jiwe la kawaida. Hawa walikijua kisu chao na walimjua atakayekishika.

Wala nisiwasahau wachuuzi wetu wa mnadani, maana homa ya majina haiko Marekani peke yake. Visu vya kukunja vinavyomwagwa juu ya maturubai ya minada yetu vimepigwa muhuri wa neno la Kiingereza lenye maana ya kutoshika doa, na mnunuzi huamini kwamba amesoma sifa ya kisu. Kutoshika kutu hakusemi lolote kuhusu kukata. Kijiko nacho hakishiki kutu. Kisu hakitaji kaboni yake, hakitaji ugumu wake, hakitaji aliyekitengeneza, na kinabutuka kabla hujamaliza kumenya gunia la mihogo. Mnunuzi wa Marekani hudanganywa na jina refu la chuma, na mnunuzi wa Simiyu hudanganywa na neno moja. Mwenye jina refu angalau ameambiwa ukweli nusu.

Waliobaki bila kudanganywa ni wanawake, na ningefaa kuanza nao. Wakati wa mavuno ya viazi vitamu, tazama akina mama wa kwetu wakitengeneza michembe. Magunia kwa magunia ya viazi hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke, viwe akiba ya miezi ya njaa. Kipande kikiwa kinene hakikauki, huota ukungu, na akiba huharibika. Kwa hiyo makali ya kisu ni chakula cha mwezi wa pili na wa tatu. Marehemu mama yangu hakujua jina la chuma cha kisu chake, wala hakuwahi kuuliza. Lakini kila baada ya debe moja aliinuka, akaenda kwenye jiwe, akapitisha kisu mara tano huku na mara tano huku, akarudi kuketi. Hakungoja kibutuke. Ule mbonyeo wa jiwe niliokueleza ni kazi ya mkono wake, na ya mama yake mkwe aliyemtangulia. Nilikulia juu ya elimu hiyo, nikaisahau kwa wiki moja kwa sababu ya kiboksi cheusi.

Ndiyo maana nasema methali zetu zinajua zaidi ya sisi tunaozitaja. Waliotuachia neno hawakusema mwenye kisu kipya ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu cha bei, wala mwenye kisu cha chuma cha nchi fulani. Walisema mwenye kisu kikali. Ukali haumo ndani ya chuma tangu kiwandani, kama utamu ulivyomo ndani ya muwa. Ukali hufanywa, hutumika ukaisha, hufanywa tena. Hukaa kati ya chuma na jiwe na mkono wa mtu, na kimoja kati ya hivyo kikikosekana, viwili vilivyobaki ni mapambo.

Wala sisemi habari za visu peke yake, ingawa kisu kinatosha. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika hapa hapa Nyakabindi. Nilizunguka mabanda kwa siku mbili. Tulizisonga mashine mpya, wakulima na walimu na watoto, tukizigusa kama vijana wale walivyokigusa kisu changu msibani. Nami nilizigusa. Ninapojikumbuka pale, sikumbuki kama nilimwuliza mtu yeyote swali moja la maana, yaani ikiharibika Agosti ijayo nani ataitengeneza, na kwa kipuri cha wapi. Kila aliyewahi kuona pampu ya kisima iliyosimama kwa kukosa mpira mmoja mdogo anajua gharama ya kutouliza.

Kwa hiyo nina madai, nami siyapambi. Anayekuletea kisu, iwe ni mpwa kutoka Ughaibuni au mchuuzi wa mnadani, mwulize kwanza kinanolewa na nini, na kitu hicho kiko wapi. Akikosa jibu, amekuletea nusu ya kisu, na mlipe bei ya nusu. Vijana wetu wanaojifunza ufundi na wafundishwe kunoa kama kazi kamili, wajue chuma gani kinataka jiwe gani, na kwa nini gurudumu kavu linachoma makali. Wenye maduka ya zana na waweke vibati vya almasi pembeni ya visu, kama wanavyoweka utambi pembeni ya taa. Na mhunzi wetu, badala ya kusifiwa katika hotuba, apelekewe kazi, aulizwe maswali, na aonyeshwe vyuma vipya ili naye avipime. Nilimpelekea changu. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Huyu aliyekitengeneza ni mtu." Hakukiogopa, wala hakukisujudia.

Kibati cha almasi kilifika baada ya miezi miwili. Kisu kilirudi makali yake kwa subira ya siku mbili, baada ya kuisaga ile sehemu iliyochomwa na gurudumu, na sasa ni kifupi kidogo kuliko kilivyozaliwa. Nakipenda zaidi hivi kilivyo. Kibati chenyewe hakikai kwangu sana. Jirani yangu yule mchinjaji hukiazima kila mkesha wa sikukuu, mke wake hukichukua msimu wa michembe, na wiki iliyopita nilikitafuta nyumba tatu kabla ya kukipata. Hakuna aliyewahi kuja kuniazima kisu.

Msomaji wangu, kabla hujafungua ukurasa mwingine, inuka uende jikoni. Chukua kisu unachokijua, kipitishe juu ya ukucha wako taratibu kama jirani yangu alivyofanya kule korongoni. Kikiteleza, usiniulize ni chuma gani. Tafuta jiwe.